Kamera ndogo ya bei mbaya: kabla hujalipa, ipigie picha kanga

Nilipiga picha kwenye kicheni pati ya binamu yangu, Sinza. Mashangazi na mama wakubwa kumi na wawili, sare moja ya kitenge, mstari mmoja. Kwenye kioo cha kamera ilionekana safi. Nilipoifungua kwenye kompyuta, mama mkubwa aliyesimama mwisho kushoto hana sura, utadhani kapigwa picha nyuma ya dirisha la bafuni. Akanipigia simu: "Mwanangu, mimi nilikukosea nini?"

Nikadhani mkono ulitikisika. Nikapekua picha za wiki tatu. Zote upande wa kushoto umeharibika. Kamera nilinunua Kariakoo, iliyokwishatumika, milioni moja na laki tatu, na muuzaji akaniapia kuwa haina tatizo. Jina la kampuni silitaji.

Ugonjwa wenyewe ni lenzi iliyokaa upande. Nyingi ya kamera hizi lenzi hujitokeza ukiwasha na hujirudisha ndani ukizima, na vioo vyake vinatakiwa vikae mstari mmoja. Ikianguka, au ikijiwasha mkobani ikasukumana na funguo, kioo kimoja kinahama kidogo sana, na upande mmoja wa picha unakufa. Hata mpya huweza kutoka kiwandani hivyo. Katikati hubaki safi, ndiyo maana dukani hushtuki: sote tukijaribu kamera tunapiga uso wa muuzaji, tena katikati. Megapikseli muachie yeye azisifie.

Kwa hiyo nenda na kanga. Mimi natumia kisutu, maana urembo wake ni mdogo mdogo na umejaa hadi kwenye pindo. Tena kanga ina takriban mita moja na nusu kwa mita moja, uwiano ule ule wa 3:2 wa sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha) katika nyingi ya kamera hizi, kwa hiyo inajaza picha vizuri. Itundike ukutani, inyooke. Kamera iweke juu ya stuli, iangalie ukuta sawasawa, lenzi usiivute (usizumu), tundu la lenzi lifungue mpaka mwisho, ISO (namba ya kuongeza mwangaza wa picha) iwe ya chini kabisa, na tumia saa ya kuhesabu sekunde mbili ili usiitikise kwa kidole. Kisha kuza picha, kagua pembe nne. Zote nne zikilegea sawasawa, hiyo ni tabia ya lenzi. Ikilegea moja, geuza kamera juu chini upige tena. Ulegevu ukihamia upande wa pili wa kanga, kamera ni mbovu. Ukibaki pale pale, ni wewe uliyeiweka mshazari.

Sasa mpangilio wangu wa kamera hizi, na upendeleo sifichi: namba moja ni Ricoh GR IIIx ya 2021. Sensa ni ya APS-C, kubwa kuliko ya kamera ndogo nyingi, megapikseli 24, lenzi moja isiyovutika, upana wake wa kuona sawa na lenzi ya milimita 40 kwenye kamera ya filamu, na ukali wake unafika pembeni hata tundu likiwa wazi lote, yaani f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Haina flashi, betri yake ni ya kuchekesha, na vumbi huweza kuingia hadi kwenye sensa. Hapa kwetu usiiache mfukoni bila kipochi. Bado naipenda.

Ya pili Fujifilm X100VI, megapikseli 40. Lenzi yake haiingii wala kutoka, kwa hiyo hofu yangu kubwa inapungua. Ya tatu Sony RX100 VII: sensa ya inchi moja, lenzi ya milimita 24 (inaona upana) hadi 200 (inavuta mbali). Kwa harusi inasaidia, ila sehemu za kusogea ni nyingi, na ikiwa kwenye 24, kompyuta ya ndani ya kamera hunyoosha mistari iliyopinda kwa kuvuta pembe. Canon G7 X Mark III ni ya nne. Tundu likiwa wazi lote, f/1.8, pembe zake hulegea, lakini vijana wa mtandaoni wameipandisha chati mpaka kamera ya 2019 inauzwa kama imetoka jana.

Za laki tatu zenye sensa ndogo? Simu yako inatosha.

Na bei! X100VI ilitoka 2024 kwa dola 1,599, lakini ukiuliza hapa mjini unajibiwa "njoo inboksi". Kwani bei ni siri ya ukoo? Unaingia inboksi, wanakuuliza kwanza uko wapi na unaitaka lini, ndipo namba inapotajwa. Ukiomba kuijaribu, unaambiwa ukifungua boksi umeshanunua.

Juzi duka moja la Posta walikubali. Nilipotoa kisutu mkobani, kijana akaniuliza kama nimekuja kununua kamera au kuuza kanga. Nikapiga, nikageuza, nikapiga tena. Ya kwanza mbovu, ya pili mbovu kidogo, ya tatu safi. Nilipoanza kukunja kanga yangu akaniita pembeni: "Dada, hiyo unaweza kuniachia mpaka jioni? Nina nyingine sita pale nyuma."