Getini wanauliza umri, juu ya ngazi wanapima urefu

Kama una mpango wa kuwapeleka watoto kwenye hizi bustani za michezo ya maji za hapa Dar, kabla ya kununua hata nguo ya kuogelea tafuta futi kamba ya fundi cherehani. Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, umpime. Halafu piga simu uwaulize huko unakokwenda: mtelezo mkubwa, mtoto anatakiwa awe na sentimita ngapi? Wakianza kukutajia bei, rudia swali. Naandika nikiwa na hasira na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Jina la sehemu silitaji. Tulikwenda Idi, si hii iliyopita, ile ya nyuma. Mimi, mume wangu, wifi yangu, na watoto wa nyumba zote mbili. Dirishani pale wanauliza kitu kimoja tu: mtoto ana miaka mingapi? Nikasema huyu minane. "Basi analipa ya mkubwa, mama." Haya, nikalipa kwa simu, binti akafungwa bangili ya karatasi. Nikauliza, hii ni ya michezo yote? "Yote mama, mpaka mfunge wenyewe."

Foleni ya mtelezo mrefu sitaielezea sana. Jua la Dar mnalijua, na ile sakafu ya saruji inaunguza nyayo (vaeni kandambili, msidanganywe na picha za mtandaoni). Tukapanda ngazi zote, na kule juu kabisa, hatua mbili kutoka kwenye maji, ndipo pana mti uliochorwa mstari mwekundu. Sentimita 120. Kichwa cha binti yangu kikapungua vidole viwili.

Kijana mwenye filimbi hata hakunitazama. "Mtoto wa nani huyu? Mtoeni, anaziba njia." Nikamwambia kaka, getini nimelipishwa ya mkubwa na wameniambia michezo yote. Akajibu, "Mimi sikati tiketi. Kaongee na waliokukatia. Na umlishe ugali huyo, akue." Watu wakacheka! Mtoto akashuka ngazi zile akipishana na foleni nzima inayopanda, analia, kila mtu anamkodolea macho.

Sasa asije mtu kuniambia ni usalama. Najua ni usalama. Mtoto mfupi na mwepesi anaweza kurushwa kwenye kona, na akitua kwenye bwawa la chini maji yanaweza kumzidi kimo. Nchi hii tumeshazika watoto wapatao 20 pale Tabora, sikukuu ya Idi mwaka 2008, waliobanana kwenye ukumbi wa disko toto. Anayemzuia mwanangu asiumie nitampigia makofi. Ninachouliza ni kwa nini mti ule uko juu na si dirishani. Ni kipande cha ubao na rangi! Kiwekwe pale wanapopokea pesa, mtoto apimwe kwanza, mzazi ajue analipia nini. Hawakiweki kwa sababu hesabu yao wanaijua. Msimamizi nilimtafuta mpaka nikampata, akanionyesha kwa kidole maandishi madogo nyuma ya risiti: kiingilio hakirudishwi. Akaenda zake.

Kwa hiyo sikukuu msiende. Nendeni katikati ya wiki, likizo ya Juni au Desemba, mfike geti linapofunguliwa. Mwandikieni mtoto namba yenu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika, maana Idi ile nilisikia kipaza sauti kikitangaza watoto waliopotea mchana kutwa. Wanaojisitiri waulize mapema kuhusu nguo. Wifi alizuiwa majini kwa sababu ya dera lake mpaka akaazima nguo ya watu. Na chakula cha nyumbani hakipiti. Hotipoti ya pilau ilirudishwa kwenye gari, tukanunua chipsi zilizopoa kwa bei ya kuku mzima wa sokoni.

Lakini kuna dada mmoja, mlinzi wa bwawa la watoto. Alimwona binti yangu amenuna pembeni, akamwita, akamshika mgongo, akamfundisha kulala juu ya maji mpaka akaweza peke yake. Hakuomba hata soda. Mtoto alirudi nyumbani anasimulia hilo tu, na hadi leo anauliza tunakwenda lini tena. Amesharefuka, mstari ule anaupita, na baba yake ameanza kulegea.

Nyota nilipanga kutoa moja. Kwa ajili ya yule dada nikaweka tatu. Hapana, ziwe mbili, maana pilau la wifi lilichacha kwenye buti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesema samahani mama.