Stendi ya kutengenezea baiskeli nyumbani: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Kabla ya kuuliza bei ya stendi yoyote, ile inayoibana baiskeli na kuiinua ili uitengeneze ukiwa umesimama, pima uzito wa baiskeli yako. Simama juu ya mizani ya kupimia watu ukiwa umeibeba, kisha toa uzito wako mwenyewe. Baiskeli nyingi za gia za mtumba huangukia kati ya kilo 12 na 16. Phoenix au Hero yenye keria na madigadi ya chuma hufika kilo 20 na kupita. Ya umeme mara nyingi ni nzito zaidi ya hapo. Namba utakayoipata ndiyo itakayokuchagulia stendi, na wengi hawaiulizi mpaka siku chuma kinapopinda.

Mwenye Phoenix ana nafuu moja kubwa. Ile stendi yake ya nyuma, ya kushusha kwa mguu, inanyanyua tairi la nyuma kabisa kutoka ardhini. Unazungusha pedali, unapaka cheni mafuta, unaangalia kama rimu imepinda, unakaza spoku. Kama baiskeli yako ni ya aina hiyo na haina gia, hela yako ipeleke kwenye spana nzuri na pampu. Ninayoyaandika hapa ni zaidi kwa mwenye gia.

Gia ndizo zilizonifanya nitafute stendi. Kwa miaka nilikuwa naipindua baiskeli, siti na usukani chini, nachuchumaa. Pancha unaziba vizuri tu kwa namna hiyo. Lakini kurekebisha gia kunataka mkono mmoja uzungushe pedali, mwingine ubadilishe gia, na macho yaangalie cheni inavyopanda na kushuka, na ukiwa umeipindua, vitufe vya gia vimelaliwa na usukani. Kama ina breki za mafuta kuna hatari nyingine: hewa iliyotulia kwenye kikopo cha mkono wa breki inaweza kuingia kwenye bomba, na ukiigeuza unakuta breki imelegea. Halafu kuna mgongo. Kampuni ya Park Tool ya St. Paul, Minnesota, ilianzia hapo hapo: mwaka 1963 wenye duka la baiskeli walichoka kuinama, wakajiundia stendi.

Sehemu inayobeba thamani yote ni kibano, ile taya inayoshika baiskeli. Ukipata nafasi ya kuishika stendi dukani, acha rangi, nenda kwenye kibano. Kifunge kwenye bomba lolote, ning'inia kidogo kwa mikono, uone kama kinazunguka. Taya ziwe na mpira mnene, na mpira huo uwe wa kubadilishika, kwa sababu huo ndio unaoisha kwanza, hasa stendi ikikaa juani. Vibano vya kukaza kwa skrubu vinachosha lakini vinadumu. Vya wenzo ni vya haraka zaidi: unaweka upana mara moja, halafu unafunga na kufungua kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba baiskeli. Mwenye baiskeli ya kilo 16 ataelewa faida yake siku ya kwanza.

Na ubane nguzo ya siti, siyo fremu. Bomba za alumini za siku hizi ni nyembamba katikati, zinabonyea. Za kaboni zinapasuka, na ufa wake huenda usiuone mpaka uko barabarani. Kama nguzo ya siti iko chini sana, ipandishe kwanza, ila usivuke ule mstari wa mwisho uliochorwa juu yake. Mimi nazungushia kipande cha utepe pale siti inapokaa ili niirudishe urefu ule ule. Nguzo ikiwa yenyewe ni ya kaboni, weka nguzo ya zamani ya chuma yenye unene sawa wakati wa kazi.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu mwenye baiskeli moja mpaka tatu nyumbani.

Ya kwanza ni Park Tool PCS-10.3. Ni ya chuma, kwa hiyo ni nzito kuibeba, lakini uzito huo ndio unaoifanya itulie ukivuta spana. Kibano chake ni cha wenzo, inakunjwa na kuegeshwa nyuma ya mlango. Naiweka juu kwa sababu moja zaidi: vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja. Ukivunja mpini wa kibano baada ya miaka sita, unaagiza mpini. Bei yake inauma, tena ukijumlisha usafiri na ushuru inauma zaidi. Ndugu au rafiki anayekuja likizo kutoka Ulaya au Marekani akikubali kuibeba, usisite.

Ya pili haiuzwi dukani: ni ile ya fundi wa kuchomelea. Bomba la inchi moja na nusu lililofungwa ukutani kwa bawaba nene, likikunjika kulala ukutani baada ya kazi, na taya mbili za chuma zenye boliti na mpini, zimevishwa mpira wa tyubu ya gari. Haitikisiki kamwe, maana imeshikwa na ukuta, na itabeba Phoenix bila kulalamika. Mwambie fundi urefu: pedali zikae karibu na kiuno chako ukiwa umesimama wima, na bomba litoke ukutani kwa zaidi ya nusu mita ili usukani ugeuke bila kugonga. Ukuta uwe wa tofali imara au nguzo ya zege, boliti za kupanua, siyo misumari. Mpangaji hataiweza bila ruhusa ya mwenye nyumba, na hilo pekee ndilo lililoizuia kuwa ya kwanza.

Ya tatu ni Feedback Sports Pro Elite. Kwa ufundi ni nzuri kuliko zote hapa: alumini, kama kilo 5.7, miguu mitatu inayokaa vizuri hata kwenye uwanja wenye mabonde, na inabeba mpaka kilo 38. Inafaa sana kwa anayeishi ghorofani au anayekwenda na wenzake kwenye mashindano. Kwa matengenezo ya uani peke yake, ni hela nyingi.

Ya nne ni zile za chuma za bei nafuu kutoka China, zisizo na jina la kukumbukwa. Nimewahi kuwa nayo. Ilifanya kazi vizuri kwenye baiskeli ya kilo 13, kisha kiungo cha plastiki kinachoshika urefu kikapasuka na baiskeli ikashuka na mkono wangu. Tangu siku hiyo natazama viungo kwanza. Vikiwa vya chuma, nunua kwa moyo mweupe. Vikiwa vya plastiki, iache. Na uzito wa mzigo ulioandikwa kwenye boksi uuchukue kama mwisho kabisa: baiskeli yako isivuke theluthi mbili zake.

Zile za kushika baiskeli kwa uma wa mbele, za waendesha mbio, zinakutaka utoe tairi kila mara, na ekseli za nati na madigadi zinazisumbua. Nazo kulabu ndogo za kunyanyua tairi la nyuma ni za bei rahisi na zinatosha kwa kusafisha cheni, lakini mgongo utabaki umeinama pale pale.

Ukishaipata ya miguu mitatu, elekeza mkono wa kibano juu ya mguu mmojawapo, siyo katikati ya miwili, la sivyo itapinduka upande wa mzigo. Ukitoa tairi la nyuma uzito unahamia mbele, kwa hiyo shikilia. Funga usukani kwa kipande cha tyubu ili usizunguke ukakugonga. Pedali zilizoganda usizifungue baiskeli ikiwa juu. Ishushe chini, simama imara, fungua, ndipo uipandishe tena.