Gripu ipi ununue ukianza gofu: kutoka ya kwanza hadi ya mwisho

Neno gripu lina maana mbili uwanjani. Mwalimu akisema "gripu yako mbaya" anazungumzia vidole vyako. Fundi akisema maneno hayohayo anazungumzia raba iliyovishwa kwenye mpini wa fimbo. Mwongozo huu ni wa raba, ingawa moja huiharibu nyingine: raba iliyokauka humlazimisha mgeni kukaba fimbo kama anayekamata kuku, mikono inakakamaa hadi mabegani, na somo lote la vidole linapotelea hapo.

Kabla ya kununua chochote, osha ulizonazo. Wanaoanza wengi huanza na seti ya mtumba, na gripu zake mara nyingi zimefunikwa na mafuta ya ngozi, jasho na vumbi vilivyoganda. Chukua ndoo ya maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na brashi laini. Sugua kuzunguka na kuteremka, suuza, futa kwa taulo, kisha acha zikauke kivulini. Usizamishe tundu dogo lililo kwenye kofia ya gripu, yaani ncha yake ya juu, maji yasije yakaingia ndani ya ufito, lile bomba la fimbo lenyewe. Zikikauka, bonyeza kwa ukucha: raba hai hubonyea kidogo na kurudi, raba iliyokufa ni ngumu kama plastiki na hung'aa pale dole gumba linapokaa. Ukiona nyufa ndogo au mng'ao huo hauondoki, ndipo pesa itoke. Raba huzeeka hata ikiwa stoo, kwa hiyo usidanganywe na seti "iliyochezewa mara mbili tu" ikakaa miaka minane gereji. Kwa anayecheza mara kwa mara, kipimo kinachotumika sana ni kubadilisha kila mwaka au kila raundi 40 hivi.

Unene kwanza, ulaini baadaye

Kosa kubwa dukani ni kuchagua kwa kubonyeza. Gripu laini kuliko zote, ikiwa si ya unene wako, itakuumiza kuliko ngumu inayokutosha. Gripu nyembamba mno huteleza kuelekea kiganjani, mtu anaibana ili isizunguke, na malengelenge yanatokea chini ya kidole cha shahada na kwenye dole gumba. Nene mno haifungiki vidoleni, kwa hiyo mikono ya mbele inafanya kazi ya vidole na kuchoka mapema. Walimu wengi husema pia kwamba nyembamba humwelekeza mchezaji wa mkono wa kulia kupinda mpira kushoto, na nene kuupeleka kulia. Lipo jambo hapo, lakini kwa anayeanza mpira hupinda kwa sababu kumi nyingine, kwa hiyo usinunue gripu ili kutibu mpira unaopinda.

Pima mkono wako kwa rula, kuanzia mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati:

- chini ya sentimita 18: nyembamba, zile za wanawake au vijana
- 18 hadi 21: ya kawaida
- 21 hadi 23.5: ya kati
- zaidi ya hapo: nene kabisa

Ya kati imezidi ya kawaida kwa takriban milimita 1.6, na nene kabisa kwa takriban milimita 3.2. Unaweza kuona ni kidogo, lakini vidole vinaona. Maneno "ya wanawake" na "ya wanaume" kwenye pakiti yasikupoteze. Mwanamke mwenye mkono wa sentimita 19 anataka ya kawaida.

Rula inakupa pa kuanzia, jibu linatoka kwenye fimbo. Vaa glovu yako, shika kwa mkono wa juu peke yake (wa kushoto kwa mchezaji wa mkono wa kulia), halafu tazama vidole viwili, cha kati na cha pete. Ncha zake zikigusa kidogo nyama iliyo chini ya dole gumba, inakutosha. Zikichimba ndani, ni nyembamba. Ukiona nafasi, ni nene. Fanya jaribio hili ukiwa umevaa glovu unayochezea, kwa sababu ngozi yake nayo ina unene.

Ukiwa katikati ya saizi mbili, nunua ndogo na uongeze tepu ya karatasi chini yake, ile ya mafundi rangi. Kila mzunguko mmoja huongeza karibu milimita 0.4. Nene haipunguziki.

Sasa mpangilio wenyewe.

1. Raba ya kawaida, ugumu wa wastani

Golf Pride Tour Velvet ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Lamkin Crossline iko kundi hilo, ngumu kidogo zaidi mkononi. Ni raba tupu yenye mchoro mdogo wa kuzuia kuteleza, na kwa saizi ya kawaida Tour Velvet ina uzito wa karibu gramu 50. Tunaiweka ya kwanza kwa sababu haina ubishi: bei ni ya chini kuliko aina nyingine za maana, fundi yeyote anaijua, ikioshwa inarudi kushika, na hudumu. Mgeni hujifunza kushika kwa nguvu ndogo kwa sababu raba yenyewe inashika. Ipo pia Tour Velvet Plus4, ambayo sehemu ya chini imenenepeshwa kama iliyoongezwa mizunguko minne ya tepu, ili mkono wa chini usibane. Kwa mtu ambaye mkono wake wa kulia unapenda kutawala, tofauti ya bei inastahili.

Udhaifu wake ni jasho jingi. Ikilowa huteleza, na hapo taulo kiunoni si pambo.

2. Raba laini ya mkunjo

Hii imeumbwa kuonekana kama utepe wa ngozi uliozungushwa, mtindo wa gripu za zamani. Golf Pride CP2 Wrap ni mfano mzuri. Hupunguza mtikisiko unaopanda mkononi mpira unapopigwa vibaya, na anayeanza anaupiga vibaya mara nyingi. Wanaofanyia mazoezi kwenye mikeka iliyowekwa juu ya saruji watafurahia zaidi, kwa kuwa fimbo inapogonga mkeka kishindo chote kinaingia kwenye kifundo na kiwiko. Kwa viwanja vya baridi kama Limuru asubuhi, raba hii hubaki laini wakati ile ya kwanza imekakamaa kidogo. Mwenye maumivu ya viungo vya vidole aanzie hapa, tena afikirie saizi ya kati hata kama rula imesema ya kawaida.

Haikuwa ya kwanza kwa sababu huisha mapema kwenye kingo za mkunjo, na mtu mwenye nguvu huhisi fimbo inazunguka kidogo ndani ya ulaini.

3. Mseto wa uzi na raba

Nusu ya juu ina nyuzi za pamba zilizozamishwa kwenye raba, nusu ya chini ni raba laini. Golf Pride MCC ndiyo iliyoipa umaarufu. Hesabu yake ni ya akili: mkono wa juu ndio unaovaa glovu, kwa hiyo ukali wa nyuzi unakutana na ngozi ya glovu, na mkono wa chini ulio mtupu unapata ulaini. Nyuzi hunywa jasho.

Ukichezea Nyali, Vipingo, Dar es Salaam au Zanzibar, ipandishe hii hadi nafasi ya kwanza kama viganja vyako hutoka jasho. Unyevu wa pwani hauzishindi tu raba laini, unazishinda hata taulo. Ubaya ni bei, ambayo mara nyingi hukaribia mara mbili ya raba ya kawaida, na glovu itaisha mapema zaidi. Ukiwa mtu wa kucheza bila glovu, achana nayo.

4. Polima laini

Winn Dri-Tac ni ya kundi hili. Ukiishika dukani utaitaka hapohapo. Inanata kwa utamu na haina ukali hata kidogo. Kwa wazee na wenye baridi yabisi ni chaguo halali, pengine hata la kwanza. Kwa mwingine aliyeanza jana, tatizo ni umri wake. Hukwaruzwa na mdomo wa mfuko wa fimbo, huchimbika kwa kucha na pete, na haipendi kufungiwa ndani ya buti ya gari lililoegeshwa juani. Kuna hatari nyingine isiyosemwa: ulaini mwingi humwalika mtu kubana, kwa kuwa kubana hakuumi.

5. Uzi mtupu, juu hadi chini

Tour Velvet Cord na Z-Grip Cord ni za watu wanaopiga mamia ya mipira kwa wiki na viganja vyao vina sugu tayari. Zinashika hata kwenye mvua. Mgeni akizivisha ataacha mazoezi kabla ya kikapu cha pili cha mipira, maana mkono mtupu wa chini utachubuka.

Nje ya orodha kabisa ziko zile za bei ya kutupa zenye jina linalofanana na jina kubwa. Pima tatu kwenye mizani ya jikoni: za kweli za aina moja hutofautiana kwa gramu chache tu. Zikitofautiana kwa gramu saba au nane, mchoro ukiwa umepinda, na harufu ya raba ikijaza chumba, rudisha.

Mambo ya kusoma kwenye mdomo wa gripu

Ndani ya mdomo au kwenye pakiti utaona namba kama 58 au 60. Hicho ni kipenyo cha tundu, yaani inchi 0.580 au 0.600, nacho kinapaswa kulingana na ncha ya juu ya ufito wako. Ukivisha gripu ya 58 kwenye ufito wa 60, raba inatanuka na kunenepa karibu nusu milimita. Kinyume chake unapata nyembamba. Wengine hutumia hila hii kwa makusudi. Wengi huipata kwa bahati mbaya na kulaumu kiwanda.

Herufi R baada ya namba ina maana ya duara kamili. Isiyo na R kwa kawaida ina tuta dogo kwa ndani, linalosikika kwenye vidole kama alama ya kurudisha mikono mahali pamoja. Sheria za R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu, zinaruhusu tuta lililonyooka urefu mzima. Kwa anayeanza lina msaada kweli, ila usiliweke kwenye draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) ambayo shingo yake, pale ufito unapoingia kichwani, huzungushwa kubadili pembe: ukizungusha shingo, ufito unazunguka pamoja na tuta, na alama inaanza kukudanganya.

Usinunue kumi na tatu kwa mkupuo. Nunua moja, ivishe kwenye fimbo namba 7, piga vikapu viwili au vitatu kwa siku tofauti, ndipo uagize zilizobaki za aina hiyohiyo. Sheria inaruhusu fimbo 14 mfukoni. Anayeanza anaweza kuwa na nane tu. Kumbuka pia saizi ya kati huongeza gramu 10 hadi 15 kwa fimbo, na mpini ukiwa mzito kichwa huhisiwa chepesi. Fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, ina gripu yake tofauti, inayoruhusiwa kuwa bapa; isihesabiwe humu.

Kuvisha mwenyewe

Fundi wa duka la klabu hufanya kwa dakika kumi kwa fimbo. Ukitaka kujifanyia, utahitaji kisu cha ndoano, tepu ya gundi pande mbili yenye upana wa sentimita 5, tapentaini ya madini, beseni na jiliwa yenye kishikio cha raba. Usitumie petroli, mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Thina ya rangi za magari nayo ni kali mno, inaweza kula raba na rangi ya ufito wa kaboni.

Kata gripu ya zamani ukielekeza kisu mbali nawe. Kwenye ufito wa kaboni makali yasiguse ufito wenyewe, mkwaruzo mmoja unaweza kuuvunja siku nyingine. Ondoa tepu yote ya zamani. Uvimbe uliobaki utauhisi kila siku. Bandika mpya, acha sentimita moja izidi ncha ya juu, ikunje iingie ndani ya ufito ili tapentaini isipenye. Ziba tundu la kofia kwa tii (kijiti cha kuwekea mpira), mimina vijiko viwili vya chakula vya tapentaini ndani ya gripu, tikisa, kisha uimwage yote juu ya tepu, beseni likiwa chini. Sukuma gripu kwa mwendo mmoja hadi kofia igonge ncha. Ukisita katikati inanasa, na kuitoa mara nyingi ni kuikata.

Una karibu dakika moja kunyoosha alama zake zilingane na uso wa fimbo, upande unaogonga mpira, ukiwa umekaa sawa sakafuni. Acha usiku kucha, kwa kuwa tapentaini hukauka polepole. Asubuhi, izungushe kwa mikono miwili. Ikisogea hata kidogo, ipe siku nyingine.