Aberlemno: jiwe la nyoka au jiwe la msalaba?

Kijiji cha Aberlemno, mashariki mwa Uskoti, kina mawe kadhaa ya Wapikti, watu wa kale wa Uskoti. Mawili hayafanani hata kidogo.

La kwanza limesimama kando ya barabara. Ni jiwe lisilochongwa umbo, lenye alama zilizokwaruzwa juu yake: nyoka, duara mbili zilizokatwa na fimbo iliyopinda kama herufi Z, kisha kioo na chanuo. Hakuna msalaba. Alama hizi hazijafumbuliwa hadi leo. Wengine husema ni majina ya watu, na kwamba kioo na chanuo humtaja mwanamke.

La pili liko uani mwa kanisa, nalo ni kazi ya fundi mwingine kabisa. Limechongwa likawa bamba, picha zimeinuliwa, na upande mmoja una msalaba uliosukwa kama ukili. Geuka nyuma: alama za kale bado zipo juu, ila chini yake kuna vita. Wapanda farasi, askari wenye kofia za chuma zenye kinga ya pua, na pembeni ndege anamdonoa aliyeanguka. Wengi huvihusisha na vita vya mwaka 685, Wapikti walipomuua mfalme Ecgfrith wa Northumbria, ufalme jirani wa kusini, ingawa wapo wataalamu wanaopinga.

Kwa simulizi, la pili linashinda. Mimi lakini ningeanza na nyoka. Ila usiende majira ya baridi: wakati huo mawe hufunikwa kwa masanduku ya mbao.