BOINC kwenye laptopu yako: mgeni huyu umemlaza wapi?

Assalaam aleikum, hamjambo, karibuni tena. Mkisikia upepo kwenye sauti, ni feni. Nimeielekeza kwenye laptopu, si kwangu, maana kaskazi ya Mombasa mnaijua, na hii mashine inapiga hesabu tangu jana Isha. Niko Kibokoni, Mji wa Kale, na kilichoninyima usingizi siku tatu hizi ni programu inayoitwa BOINC.

Wazee wa chaneli mnaifahamu, sitarudia yote. Unawakopesha wanasayansi kompyuta yako wakati huitumii: inapokea kazi, inapiga hesabu, inarudisha majibu. Imetengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kulekule ilikozaliwa SETI@home mwaka 1999, ile ya kusikiliza kama kuna viumbe angani. SETI@home iliacha kugawa kazi Machi 2020, lakini BOINC inaendelea na miradi mingine. Ni bure, na msimbo wake uko wazi, anayetaka kuusoma ausome. Kupakua na kufungua akaunti kumo kwenye video ya kwanza.

Leo nina swali moja. Dada mmoja mwenye saiba hapo Majengo alinitumia sauti kwenye WhatsApp, akasema: "Kaka, hii programu inashusha programu nyingine nisiyoijua, kutoka kwa watu nisiowajua, halafu inaiendesha mimi nimelala. Na hapa kwangu nina skani za vitambulisho vya wateja, nina PIN za KRA, nina vyeti vya watoto wa watu. Ziko salama?"

Sikumjibu siku ile. Video ya kwanza nilisifu miradi ya pulsa, zile nyota zinazotoa mawimbi kwa mapigo, na ya protini, hilo sikuligusa hata kidogo, na ndilo lilipaswa kuja mwanzo. Dada, video hii ni yako.

Tuanze na sahihi, yaani saini ya kidijitali inayoonyesha programu imetoka kwa nani; nitapita haraka kwa sababu hapa wamefanya kazi nzuri. Kila mradi una funguo mbili, mmoja wa siri na mmoja wa wazi. Programu zinatiwa sahihi kwa ule wa siri, na miradi inashauriwa kuuweka kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao kabisa. Kwa hiyo mwizi akivunja seva ya mradi akapachika programu yake, haina sahihi, na BOINC iliyoko kwako inaikataa. Majibu nayo yana ulinzi: mradi unaweza kutuma kazi ileile kwa kompyuta mbili au zaidi, za watu wasiojuana, kisha unalinganisha. Huko kunamlinda mwanasayansi. Lakini mimi nauliza, nani ananilinda mimi? Sahihi inakwambia programu imetoka kwa mradi. Haikwambii kama programu yenyewe ina kasoro, wala kama mradi unastahili kuaminiwa.

Haya, sasa tufike nilipotaka kufika. Tazameni skrini.

Nyumba zetu za Kiswahili, mgeni anapokelewa wapi? Barazani. Akiwa mtu wa karibu, ataingia hadi ukumbini. Ndani ndani hafiki, na hakuna anayeona ni dharau, ndivyo nyumba ilivyojengwa. Sasa mimi nataka kujua BOINC inamweka wapi huyu mgeni anayekuja kupiga hesabu.

Hii ni laptopu yangu inayotumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows, ni ya ex-UK, niliichukua elfu ishirini na nane. Naandika `ps aux`, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, natafuta boinc. Angalia safu ya kwanza kushoto, ile ya mtumiaji. Unaona jina langu? Hulioni. Imeandikwa boinc. Ukiiweka kutoka kwenye hazina ya Ubuntu yenyewe, inajifungulia akaunti yake, ina chumba chake, haiendeshwi kwa jina lako.

Lakini jina tofauti peke yake halinitoshi. Nimeweka faili hapa kwenye Documents, inaitwa kitambulisho.txt, ndani nimeandika neno moja: NIMEKUONA. Najivika ujoho wa boinc nijaribu kuisoma: `sudo -u boinc cat`, halafu njia ya faili. Tazama... imeandika NIMEKUONA.

Ngoja, usifunge video!

Mashine hii niliiweka Ubuntu 20.04, nikawa napandisha toleo juu ya toleo. Wakati ule folda ya nyumbani iliachwa wazi kusomwa na kila mtumiaji wa mashine. Kuanzia 21.04 Ubuntu walibadilisha, folda mpya inazaliwa imefungwa, ila ya zamani haifungwi kwa sababu tu umepandisha toleo. Nachukua mashine ya pili, iliyowekwa upya mwaka jana. Amri ileile. Permission denied, yaani huruhusiwi. Sasa narudi kwenye hii ya kwanza, naandika `chmod 750` kwenye folda yangu ya nyumbani kuwafungia watumiaji wengine, narudia. Imekataa. Mstari mmoja tu, ndugu zangu, na wenye Ubuntu ya tangu zamani naomba muuandike leo.

Na hapa ndipo nilipoipenda hii programu kweli. Andika `systemctl cat boinc-client`, uone masharti ambayo mfumo unaiendeshea BOINC. Teremka. Unaona palipoandikwa `User=boinc`? Juu yake kidogo kuna `ProtectHome=true`. Hilo ni kufuli la pili. Maana yake huduma ya BOINC ikiwashwa na mfumo, folda zote za /home zimefungwa kwake, hata kama wewe umesahau kufunga yako. Narudisha kasoro kwa makusudi, nafungua tena folda yangu kama ilivyokuwa. Sasa naendesha cat kwa `systemd-run`, nikiiwekea masharti yaleyale mawili, mtumiaji boinc na ProtectHome. Inakataa! Mlango uko wazi na bado hapiti. Aliyekaa akafikiria mstari ule, Mungu ambariki. Kwa hiyo lile NIMEKUONA la mwanzo lilikuja kwa sababu mimi nilipita nje ya huduma. BOINC yenyewe ilikuwa barazani muda wote. Ila uliyeishusha kama faili la kawaida ukaiendesha kutoka kwenye folda yako, huna akaunti ya boinc wala kufuli hili.

Sasa Windows, na hapa naudhika. Ctrl, Shift, Esc, inafunguka Task Manager. Nenda Details, tazama safu ya jina la mtumiaji. Hizi kazi za sayansi zinaendeshwa kwa jina la nani? La mwenye kompyuta. Mgeni yuko ndani ndani, amekaa kitandani. Chochote unachoweza kufungua wewe, naye anaweza. Na dawa ipo! Wakati wa kuiweka kuna kitufe cha Advanced, ndani yake kisanduku cha Service Install. Ukikitia tiki, kazi za miradi zinahamia kwenye akaunti yao inayoitwa boinc_project. Lakini kisanduku kinakuja bila tiki, na kimefichwa nyuma ya kitufe ambacho watu wengi hawakigusi. Sababu yao naijua: ukichagua njia hiyo, kadi ya michoro haitumiki kwa hesabu, na kuna miradi inaitegemea sana. Sawa. Basi niulizeni wazi, kwa skrini nzima, niamue mwenyewe.

Nilipoanza kurekodi nilitaka kuwaambia watu wa Windows wasiiguse kabisa. Nimelegeza kidogo. Kama mashine haina kitu cha mtu ndani yake, iwashe tu. Kama ina karatasi za watu, tiki kwanza.

Kuna jambo jingine lazima mlijue. Julai 2024, kampuni ya usalama ya Huntress ilieleza shambulio ambapo watu walidanganywa na ukurasa wa uongo wa kusasisha kivinjari. Ukibofya, pamoja na uchafu mwingine, unawekewa BOINC kimyakimya, faili limebadilishwa jina lifanane na vitu vya Windows, na limeelekezwa kwenye seva ya wezi iliyojifanya Rosetta@home, mmoja wa miradi halisi ya BOINC. BOINC haikuvunjwa, walichotaka wao ni ile tabia yake ya kupokea kazi kutoka seva. Kwa hiyo dada, ukiikuta kwenye mashine ya saiba na hukuiweka wewe, iondoe na uisafishe mashine nzima. Na uliyeiweka mwenyewe, fungua orodha ya miradi, soma anwani herufi kwa herufi. Mlango wa mtandao (port) wa kuiongoza BOINC ni namba 31416, wenye hesabu wameshaiona pai hapo, na mwanzo unapokea amri za mashine yako tu, kwa nenosiri lililoko kwenye faili la gui_rpc_auth.cfg. Usiufungue kwa mtandao mzima ati utaiangalia ukiwa kwenye feri ya Likoni.

Majaribio sasa. Kwenye mapendeleo ya miradi mingi kuna swali kama unakubali kuendesha programu za majaribio. Mimi nilikubali kwa mradi mmoja, sitautaja. Kazi 26 zilikuja, 7 zikafa njiani. Moja ilikwenda saa tano nzima ndipo ikafa, na iliniuma, tokeni za umeme ni zangu. Ila ndiyo maana ya kujaribu: zife kwangu kabla hazijafika kwa maelfu ya watu. Ukipeleka ripoti, usiandike "haifanyi kazi". Toa toleo la BOINC, mfumo wako, na yale maandishi yote ya stderr, yaani ya makosa, kwenye ukurasa wa kazi yako. Na programu ya majaribio iendeshe kwenye mashine yenye baraza, si nyingine.

Nimetaja tokeni, niseme bei. Nilipima kwenye soketi: ikiwa imetulia laptopu inakula wati 18, ikipiga hesabu 52. Ziada ni 34, kwa saa 24 inakaribia uniti 0.8. Zidisha kwa tokeni zako. Mimi nimeipunguzia kichakataji hadi nusu, joto limeshuka kutoka nyuzi 91 hadi 74, na usiku naiacha iendelee. Hailipi hata senti, unapata pointi tu. Yeyote anayekuambia ulipe kiingilio ili simu yako "ipige hesabu" akutumie pesa kila siku, mkimbie. Simu za Android zenyewe BOINC inazihurumia: lazima iwe kwenye chaja, betri imefika asilimia 90, na WiFi.

Mnaniuliza Folding@home, programu nyingine ya kukopesha kompyuta. Ni ya tangu 2000, na mwaka 2020 wa korona ilipata nguvu ya ajabu, ilipita eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde. Ila ni ya protini tu. BOINC unachagua, na mimi nachagua vya kwetu. Palikuwa na malariacontrol.net, ya kuiga kwa hesabu jinsi malaria inavyoenea, ilifungwa 2016. Ukaja mradi wa mvua ya Afrika kutoka Delft, Uholanzi, kupitia World Community Grid, wa kukokotoa mvua za kusini mwa Sahara kwa kipimo cha kilomita moja. Mvua za kwetu kabisa! Nani Pwani hii hajaumizwa na utabiri wa masika uliokosea?

Folding nitaipima kwa jaribio hilihili la kitambulisho.txt, nitaleta video yake peke yake.

Chaneli: Jumamosi baada ya Isha tuko mubashara kutoka saiba ya yule dada, amekubali. Tunaiweka kwenye mashine moja ya zamani isiyo na karatasi za mteja, kwa Service Install, na faili la NIMEKUONA litakuwepo. Wenye Windows, njooni na picha ya safu ile ya mtumiaji mniambie mmekuta jina gani.