Grenen: utembee au upande Sandormen?

Ncha ya mchanga ya Grenen, karibu na mji wa Skagen kaskazini mwa Denmark, ndipo bahari mbili, Skagerrak na Kattegat, zinapokutana. Toka maegesho ya magari hadi nchani, ama unatembea, ama unapanda Sandormen, behewa la abiria linalovutwa na trekta.

Kwa gharama, miguu inashinda. Kwa muda, mtembeaji atenge kama nusu saa ya kwenda, na apite ukingoni mwa maji, ambako mchanga ulioloa umeshikamana. Mchanga mkavu wa juu hudidimiza mguu na kumaliza nguvu upesi. Upepo ukivuma usoni wakati wa kurudi, mwendo hupungua na mchanga huingia machoni, hivyo beba miwani na koti la upepo hata kiangazi. Faida kubwa ya kutembea ni uhuru: unasimama utakapo, kwenye maboma ya zege ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, au kuwatazama sili, wanyama wa baharini, kwa mbali. Usiwasogelee, wanauma.

Kwa mzee, mwenye goti bovu au mwenye watoto wadogo, ningechagua Sandormen bila kusita. Ila majira ya baridi haifanyi kazi, kwa hiyo mgeni wa Januari hana budi kutembea.

Kwa njia yoyote, usiogelee nchani. Imekatazwa, kwani mikondo ya pande mbili huvuta hata mwogeleaji hodari. Maji yasivuke vifundo vya miguu.