Trekta la kukodi milimani: nusura tuishie korongoni

Kulima, hawa wa trekta la kukodi walilima vizuri, nisiwaonee. Shamba langu lipo kwenye mteremko huku Mbulu, na dereva alikata matuta kukinga mteremko kama nilivyomwomba. Ndiyo maana wakati wa mavuno nikawarudia wanibebee mahindi.

Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, na wa huku mnaujua udongo wetu ukilowa: sabuni. Kupanda tu kulikuwa shida. Tairi moja la nyuma linazunguka palepale, kashata (yale meno ya tairi) zimeisha kabisa, na dereva anazidisha mafuta badala ya kufunga difu ili magurudumu yote mawili yavute. Tanboi, msaidizi wake, ndiye aliyemkumbusha!

Tukaanza kushuka, magunia 40 kwenye tela lisilo na breki. Nikasikia mlio wa injini umepoa ghafla. Kaweka free, yaani katoa gia! Nikamwambia, "Mwanangu, rudisha gia, mzigo utatusukuma." Akanijibu bila hata kunitazama: "Mama, umekuja kubeba mahindi au kunifundisha kazi?"

Hata sijamjibu, tela likaanza kusukuma. Akakanyaga breki. Sasa, trekta lina pedali mbili za breki, ya kulia na ya kushoto. Shambani unaziachanisha ili ukate kona. Barabarani lazima uzifunge pamoja kwa komeo lake. Komeo lilikuwa linaning'inia. Mguu ukaangukia ya kulia peke yake, trekta likageukia korongoni. Kilichotuokoa ni kichuguu: gurudumu la mbele lilikipanda likakwama, tela likalala ubavu, magunia yakaporomoka. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, eti ndiyo siti ya abiria. Nilishikilia ile taa ya nyuma mpaka tanboi akaja kunibandua vidole kimoja kimoja.

Nikampigia mwenye trekta. Hakuuliza nani kaumia. Aliuliza boneti imepasuka?

Nilikusudia kuandika hivi: kwa kulima wachukueni, kwa kubeba muwaepuke. Lakini kadiri ninavyoandika mikono inanitetemeka tena. Dereva ni yuleyule, tairi ni zilezile, na trekta halina hata fremu ya kumkinga likipinduka. Hapana. Hata kulima msiwape.

Wananidai hela yote ya kubeba. Nimelipa nusu. Nusu iliyobaki waje waichukue siku watakayonitolea magunia yangu 9 yaliyobaki korongoni.